Mikimbio Hiyo Ilikuwa ya Nani

Watu wa Bertrams, mtaa wa wageni wengi pale Johannesburg, wana midomo, na katikati ya mwaka 2017 midomo hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kumsema mpangaji wa Mama Victorine. Amekonda. Amekauka. Suruali yake inaokolewa na mkanda. Jumapili baada ya ibada, akina mama waliotoka Lubumbashi ya Kongo kama yeye walimwuliza Victorine habari za watoto, wakamwuliza habari za saluni, kisha kwa sauti ya chini iliyofika mpaka barabarani wakamwuliza, "Na ule Mubangla wako, anakulaka kweli?"

Asiyewajua watu hawa atasema, yanawahusu nini? Yanawahusu sana. Kwao, mtu akikonda chini ya paa lako, kilichokonda ni jina lako. Mpangaji anaweza kuchelewa kurudi, anaweza kufungulia redio mpaka vioo vitetemeke, anaweza hata kusali kwa namna yake akielekea ukuta wa jikoni, na yote yatavumilika. Lakini mashavu yakiingia ndani, mwenye nyumba ni mchoyo. Victorine, ambaye maisha yake yote alipika chungu kikubwa kuliko haja, aliumia kwa neno hilo kuliko angeitwa mwizi.

Mpangaji mwenyewe aliitwa Mokarram Howlader. Aliingia nyumba ile mwanzoni mwa 2015, wiki maduka ya wageni yalipovunjwa Soweto. Binamu yake, aliyekuwa akimkaribisha, alikuwa na spaza huko, kiduka cha mkate na sabuni. Waporaji walipofika, binamu alikimbia na simu zake, na Mokarram akakimbia na begi refu lililojaa magongo ya kriketi. Friji likaenda, mchele ukaenda, magongo yakapona. Ignace, mume wa Victorine, mlinzi wa ofisi moja kule Midrand, aliposikia hivyo alisema mtu huyu ama ni mwehu ama ni mtu wa maana sana, na kwa vyovyote apewe kile chumba cha nyuma.

Alikuwa mtu wa maana. Katika kriketi kuna wanaopiga mpira kwa gongo ili timu ipate mikimbio, ndizo pointi zake, na kuna wanaourusha ili kumtoa mpigaji, na kwa kawaida kila mmoja ana yake. Mokarram alifanya zote mbili, tena kwa timu ya taifa ya Bangladesh. Mashabiki wa kandanda wangemwita kiraka, na wangemkosea heshima, maana kiraka huziba tundu la mwenzake. Huyu alikuwa anastahili kuchaguliwa kwa kazi hii, na angestahili vilevile kwa ile nyingine. Victorine alilielewa jambo hilo kwa njia yake. "Njo kama mi," alisema, na kwa watu wa Lubumbashi "njo" ni "ndio". "Ninasuka, na ninanyoa. Wengine banajua kimoja tu."

Kwao Mokarram ni Patuakhali, nchi ya mito mingi. Alipata jezi ya taifa akiwa na miaka ishirini, na mwaka wake wa pili, huko Chittagong, alifanya kitu ambacho wazee wa kwao bado wanakieleza kwa mikono. Timu ilikuwa imeshakufa. Wapigaji wamekwisha, wamebaki yeye na mrushaji mmoja asiyejua hata kulishika gongo. Akapiga mpaka jua likazama. Kesho yake akachukua mpira kwa mkono wake wa kushoto, mpira wa polepole unaojipinda ukigusa ardhi, akawaondoa watano. Aliporudi nyumbani, nahodha wa kivuko alimpigia honi toka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Miaka sita alikuwa ndiye. Kisha goti likaanza. Likapasuliwa, akarudi, likavimba, akatoka, na siku moja wateuzi wakamwambia apumzike kidogo. Mchezaji akiambiwa apumzike kidogo, ajue hiyo kidogo ni ya wateuzi, si yake. Mama yake alifariki katika mapumziko hayo. Klabu moja ya Johannesburg ikamwita aje kuichezea Jumamosi na kuwafundisha watoto wa shule katikati ya wiki, naye akaja, kwa sababu kukaa Patuakhali akisalimiwa kwa huruma kulikuwa kunamuua.

Mwaka huo wa 2017 habari zikafika kwamba timu ya taifa itazuru Afrika Kusini wakati wa majira ya kuchipua. Hakuna aliyemwambia kitu. Alijiambia mwenyewe. Aliutia mpira ndani ya soksi, akaufunga kwenye kamba ya nguo uani, na asubuhi kabla ya kwenda shuleni akaupiga mpaka shuka za Victorine zikawa zinatikisika. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, katika baridi ile ya Joburg inayokata masikio, alifunga na akaendelea kufanya mazoezi. Idi ilipita, na hamu ya kula haikurudi. Victorine alimpikia bukari, ugali wa kwao, na samaki; kijana akamega mara tatu, akasema aksanti, akaenda kukimbia.

"Mutoto huyu atanifia mu nyumba," Victorine alimwambia Ignace.

"Mwache. Ni mutu mukubwa."

Kumwacha? Angemwachaje? Alikuwa na dawa. Vidonge vile vinajulikana na kila mwanamke aliyekulia Lubumbashi: bibi harusi huvinywa mwezi mmoja kabla ya ndoa ili gauni limjae, na mama aliyetoka kujifungua huvinywa ili watu wasiseme mume wake ni maskini. Unakula, unalala, unanona. Victorine mwenyewe alivinywa zamani, na mpaka leo hajajuta. Mwanamke mmoja aliyesafiri kwa basi toka Kongo alimletea pakiti. Kila asubuhi akaponda kimoja kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga ndani ya uji wa mahindi wenye karanga na ndimu, akamwekea Mokarram mezani. Hakumwambia. Mwanaume ukimwambia unamnenepesha kama bibi harusi atakuona unamdharau, na isitoshe, kilichomo ndani ya chungu ni siri ya mpishi tangu dunia iumbwe.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Hawakusema tabibu huyo alisomea wapi.

Hamu ikarudi. Kwanza Mokarram alimaliza bakuli, halafu akaomba la pili, halafu akawa anafunua sufuria za watu jikoni akicheka kwa aibu. Mashavu yakajaa. Makanisani midomo ikatafuta kazi nyingine. Na msimu ulipofunguliwa mwezi wa tisa, katika mechi ya kirafiki, alipiga mikimbio mia moja, ya kwanza tangu goti lile lipasuliwe, na jioni yake akaondoa wapigaji wanne. Alirudi nyumbani na gongo begani, akasimama mlangoni mwa saluni, mteja ana rasta nusu kichwa, akasema tu, "Mama. Mia moja." Victorine hakujua mia moja ya nini, lakini alipiga kigelegele kilichomfanya mteja aruke kitini.

Timu ya taifa ilipofika, ilihitaji watu wa kuwarushia wapigaji wake mipira mazoezini, na klabu ikamtoa Mokarram. Alikwenda kama mfanyakazi wa kukodiwa mbele ya vijana waliokuwa wakimbebea begi zamani. Lakini mpira ukampokea. Wiki mbili baadaye mchezaji mmoja wa kikosi akavunjika kidole, na mtu wa kufanya kazi zile mbili hakuwepo karibu ila yeye. Simu ikaja Jumatano: aripoti Ijumaa, apimwe, aungane na timu.

Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akitembea ndani ya nyumba bila kujua anakwenda wapi. Aliingia jikoni, akatoka. Akakaa, akasimama. "Mama," alisema, kwa Kiswahili kile kile cha Lubumbashi alichofundishwa na nyumba, "banisema niende. Banapima goti, banapima moyo, banapima mukojo. Sharp, sawa tu! Mukojo si kitu. Mi sikunywaka hata dawa ya mafua bila kuuliza docteur."

Victorine alicheka naye. Kisha akaendelea kumenya vitunguu, na kitunguu cha tatu kikamshinda.

"Mukojo banatafuta nini?" alimwuliza Ignace usiku ule ule kabla hajaondoka kwenda kazini.

"Dawa. Mutu akikunywa dawa ya nguvu, banamufukuza. Jina linatoka mu journal."

Alhamisi asubuhi hakufungua saluni. Alikwenda na pakiti kwa Marthe, dada wa kanisani aliyesomea uuguzi Likasi na sasa anatunza wazee wa kizungu. Marthe aliisoma pakiti, akaigeuza, akaisoma tena, akaketi.

"Nani anakunywa hii?"

Victorine akamwambia.

"Eish, mama! Ile dawa ya kizungu, hii jina ya juu hapa, iko mu zile banakatazaka bachezaji. Kabisa kabisa." Kisha akamrudishia rafiki yake pakiti, akashusha sauti. "Sikia. Inatokaka mu mwili. Ukiacha leo, pengine kesho hawataona kitu. Pengine. Nyamaza, upige magoti, Mungu atafunika."

Ignace naye, alipopigiwa simu akiwa getini kwake Midrand, alisema vivyo hivyo. Ukimwambia, safari imekufa. Ukinyamaza, labda itapona. Na kweli, hesabu yake haikuwa ya kijinga. Victorine alirudi kwa miguu, akapita robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu na kutukanwa na dereva wa teksi, na njia nzima alikuwa upande wa kunyamaza. Alimpenda yule kijana. Alitaka aende. Alitaka kwa moyo wake wote mkojo ule uwe maji matupu.

Alimkuta uani na begi limeshafungwa, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa anamsubiri yeye. Kwao Patuakhali, mtu akianza safari kubwa huinama, akagusa miguu ya mzazi wake, akazipeleka ncha za vidole kifuani. Mokarram hakuwa ameifanya ishara hiyo tangu mama yake alipofariki.

"Mama yangu hayuko," alisema. "Njo weye." Akainama.

Mkono wake ulikuwa haujafika viatuni Victorine aliporuka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Acha! Usiniguse!"

Alibaki ameinama vile vile, uso umeinuka, umejaa hofu ya mtu aliyekosea adabu ugenini. "Nimekosa nini, mama?"

"Weye haukukosa. Mi njo nilikosa." Na akasema yote, wima, mikono imening'inia, bila kujitetea hata mahali pa kujitetea: watu walivyosema, pakiti ilivyokuja, kijiko, uji. Alisema na maneno ya Marthe, kwamba pengine hawataona. Alipomaliza alikuwa analia, na alijichukia kwa kulia, kwa sababu aliona kulia ni kumwomba mtu aliyeumizwa ambembeleze.

Mokarram aliketi juu ya begi lake. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Tangu lini?"

"Tangu mwisho wa mufungo wako."

Akawa anarudi nyuma kichwani, mwezi kwa mwezi. Ungeweza kuona macho yake yakipita mazoezi, nyavu, viwanja. Yakafika mahali yakasimama.

"Ile mia moja," alisema polepole. "Mama, ile mia moja ilikuwa yangu, ao ilikuwa ya vidonge?"

Hapo ndipo Victorine alipojua ukubwa wa alichofanya. Alidhani amemharibia safari. Kumbe alikuwa ameingiza mkono ndani zaidi, kwenye kitu cha mwisho alichobakiwa nacho yule mtu, imani kwamba bado anaweza.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Mokarram alipiga simu kwa meneja wa timu akiwa pale pale uani. Alizungumza Kibengali, kwa ufupi, kwa heshima. Victorine hakuelewa neno, ila alisikia jina lake halikutajwa. Alipokata simu alimtafsiria bila kuulizwa. "Nimebaambia nilikula kitu bila kuuliza. Mutu mu hali hii hawezi kuvaa ile jezi." Meneja alimshukuru. Akaitwa kijana wa miaka ishirini na moja, na kwao watu wakaandika mitandaoni kwamba Howlader ameogopa, Howlader na goti lake tena, Howlader mgonjwa wa kudumu.

Tangu siku hiyo alijipikia mwenyewe. Dengu, wali, yai. Aliamka, akasalimia vizuri, "Umeamka je, mama," akasogeza sufuria yake ndogo kwenye jiko, akala amesimama. Chungu kikubwa cha Victorine hakukigusa. Nyumba nzima iliona, na nyumba nzima ilielewa, au ilidhani imeelewa. Victorine alimeza adhabu hiyo kila asubuhi. Aliona ni ya haki.

Mashavu yakaingia ndani tena. Na uwanjani mambo yakawa mabaya. Alitolewa kwa mikimbio miwili, akatolewa bila hata mmoja, akatolewa kwa mitano. Ignace, aliyekuwa akienda kumtazama siku zake za mapumziko, alisema anasimama pale na gongo kama mtu anayesubiri kusikia habari mbaya. Mpira unakuja, yeye anajiuliza. Kriketi haimpi mtu nafasi ya kujiuliza. Klabu ilianza kunung'unika. Krismasi ikapita, na Mokarram akawa kila asubuhi anapiga mpira wa ndani ya soksi, bila hasira na bila furaha.

Jumamosi moja ya Februari 2018 Ignace alisema, "Leo tunaenda sote." Victorine alikataa, akavaa, akakataa tena, akapanda gari. Alikuwa hajawahi kuuona mchezo huo. Alishangaa kwamba una mapumziko ya chai, akasema mchezo wenye chai hauwezi kuwa mbaya kabisa. Akashangaa zaidi kwamba watu wazima wanaweza kusimama juani muda wote huo bila mtu kufariki. Walikaa kwenye nyasi nyuma ya kamba ya mpaka wa uwanja, yeye na Ignace na Marthe, akina mama na mabwana wa kizungu wakiwatazama kwa adabu.

Mokarram aliingia wenzake watatu wakiwa wameshaondolewa. Shati lilimpwaya. Victorine aliomba, na safari hii hakumwambia Mungu la kufanya.

Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ukampita, na mlinda wiketi, yule mdakaji wa nyuma ya mpigaji, akacheka. Kisha ukaja mmoja mfupi, na kabla hajapata muda wa kujiuliza gongo lilikwisha ondoka, na mpira ukavuka kamba karibu na miguu ya Marthe. Alilitazama gongo. Akaipanga tena miguu yake. Kutoka hapo Victorine hakujua mikimbio inahesabiwaje, lakini alijua mtu anaposuka na vidole vyake vimeshaijua njia, na alikiona kitu hicho hicho katika mabega ya yule mtu aliyekonda. Ignace akaanza kupiga kelele za Mazembe, klabu ya kandanda ya kwao, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Hata wazungu wakaanza kumfuatisha. Jua lilipokuwa linashuka, wachezaji wenzake wote wakasimama barazani wakapiga makofi, na Mokarram akalinyanyua gongo.

Mia moja.

Alipotoka uwanjani hakwenda kwa wenzake. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kamba, jasho linamtiririka, kifua chote mifupa, anacheka na machozi pamoja.

"Mama, ilikuwa yangu!" alisema. "Ile ya mwezi wa tisa. Ilikuwa yangu! Tumbo iko na dengu tu, na umeona? Umeona?"

"Nimeona," Victorine alisema, akapiga makofi, na katikati ya makofi hesabu ikamfikia. Ikiwa mikimbio ile ilikuwa yake, basi jezi nayo ilikuwa yake. Vidonge havikumpa kitu. Vilimnyang'anya tu. Angekwenda mwezi wa kumi na mwili wake huu huu mkavu, na angeweza. Furaha ya yule mtu na kosa lake yeye vilikuwa kitu kimoja, na hakukuwa na namna ya kushangilia kimoja bila kukisikia kingine. Akaacha kupiga makofi.

Mokarram aliacha kucheka. Alimtazama usoni, akayaona yale aliyokuwa akiyahesabu. Akavuka kamba, akaketi kwenye nyasi kando yake, gongo mapajani.

"Ulikuwa unaweza," Victorine alisema. "Bila mi. Nilikukatia njia bule."

Hakumdanganya. "Ndiyo," alisema. "Na ilikuwa ya mwisho. Nina miaka thelathini na mbili, hawataniita tena."

Uwanjani watu walikuwa wanabadilishana kofia na glavu. Ignace na Marthe walijifanya wanatazama mawingu.

"Na sufuria yako ile ndogo," Victorine alisema hatimaye, "ilikuwa haki yako. Sikukasirika."

Mokarram aligeuka akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Weye ulizani nilijipikia juu ya hasira? Mama, nilitaka tumbo yangu ikuwe tupu, nijue. Basi." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Mi nilisha kukusamehe tangu mwezi wa kumi. Njo weye unachelewa."